Fundi wa Misumeno Aliyetumwa Kununua Jicho

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, ukungu bado umelala juu ya bonde la Podgrm, na Zvonka Oražem anamwamuru mumewe apige magoti kwenye nyasi.

"Shuka zaidi, Metod. Nguruwe hana kiuno."

"Nyasi zimelowa!"

"Nguruwe halalamiki."

Metod, dereva wa lori la maziwa mwenye miaka hamsini na mitano, anashusha pumzi ndefu. Amevaa koti la ngozi ya kondoo, manyoya yakiwa nje. Anaanza kutambaa kando ya shamba la mahindi huku akinung'unika maneno ambayo hayafai kuandikwa gazetini.

Hatua mia moja nyuma yake, kwenye banda la nyasi kavu, wanaume kumi na wawili wamegeuzwa nyuso ukutani kama watoto watukutu darasani. Wengi wamevuka miaka sitini. Karibu wote wamewinda tangu ujana wao. Leo hakuna aliyeruhusiwa kuja na bunduki, na amri hiyo imewakera kupita kiasi.

Nyuma yao kuna ubao wa msonobari uliokazwa kwa skrubu, na juu yake darubini tatu za bunduki, zile zinazoona joto la mwili gizani. Zvonka mwenyewe ndiye aliyeuranda. Anakagua kama umelala sawa, kisha anapiga makofi mara moja.

"Haya, geukeni. Mmoja mmoja. Mtazame, mniambie mnaona nini. Nitaandika."

Zvonka, mwenye miaka hamsini na mmoja, ni fundi wa kunoa misumeno katika kiwanda cha mbao huko bondeni. Kwa miaka ishirini na mitatu kazi yake imekuwa kutazama meno ya chuma, jino baada ya jino, na kulijua lililopinda kwa unene wa unywele. Analipwa euro 1,190 kwa mwezi baada ya makato. Jioni na mwisho wa wiki huwinda na chama cha kijijini, chenye wanachama ishirini na wawili, wanawake wakiwa wawili.

Mwezi Juni chama kilimpa kazi ambayo kila mwanamume aliidhania kuwa yake: kuchagua darubini ya joto ya kuwindia nguruwe mwitu usiku. Fedha zilizokuwepo ni euro 1,500, na hakuna senti ya kuongeza.

"Walinichagua mimi kwa sababu moja tu," anasema. "Mimi peke yangu ndiye ninayesoma karatasi ya maelekezo kabla ya kubonyeza kitufe."

Rajko Levstek, mwenyekiti wa chama, anakubali kwa shingo upande. "Zvonka akinunua kiberiti," anasema, "kwanza anahesabu njiti."

Haja ya darubini inajulikana na kila mtu bondeni. Nguruwe mwitu wakiingia kwenye mahindi mwezi Agosti, punje zikiwa bado na maziwa, hulala humo humo na kula mpaka wachoke. Kwa taratibu za huko, chama chenye eneo la kuwinda ndicho kinachomlipa mkulima hasara. Mwaka jana chama cha Podgrm kililipa euro 5,300. Vibanda viwili vya kuvizia vimeoza miguu kwa kukosa fedha za mbao, na hii ni nchi ya mbao.

Lakini si nguruwe wanaomnyima Zvonka usingizi. Ni dubu mmoja.

Septemba iliyopita Ludvik Oražem, baba mkwe wake, alikwenda kuvizia kwenye shamba la mahindi la Angela Turk, mkulima wa hapo kijijini. Ludvik ana miaka sabini na minne, na ndiye aliyemfundisha Zvonka kuwinda alipoolewa katika nyumba hiyo. Alikuwa na darubini ya joto ya kuazima, ya bei poa, na kibali cha nguruwe. Kiza kilipoanza kuingia aliona umbo jeupe lenye joto, mgongo mfupi, mabega mazito, kichwa chini. Akangoja kidogo, akafyatua.

Alikuwa dubu wa miaka miwili. Katika misitu hiyo dubu hapigwi bila kibali chake maalumu, na kila mtoto anayesoma shule analijua hilo.

Ludvik hakukimbia wala hakuficha. Alivua kofia, akavunja kijitawi kibichi, akakiweka mdomoni mwa yule mnyama, kama wawindaji wa huko wanavyomfanyia kila mnyama waliyemuua. Wanakiita tonge la mwisho. Kisha akampigia simu mwenyekiti, akawapigia polisi, akakaa chini kuwangoja.

Alitozwa faini, na bunduki yake ikachukuliwa kwa miaka mitatu. Hayo aliyapokea. Asichoweza kukimeza ni kwamba macho yake mwenyewe yalimdanganya. Tangu siku hiyo hajaingia kwenye nyumba ya wawindaji, wala hajakanyaga shamba la Angela.

"Anaishi ghorofa ya juu kwangu," anasema Zvonka. "Namsikia anatembea usiku. Kwa hiyo watu wakiniambia chukua yoyote tu, zote zinaonyesha joto, mimi namsikia Baba anavyotembea. Siwezi kumpa mwenzangu kitu kitakachomfanya atembee hivyo."

Ndipo alipokwenda mji mkuu, Ljubljana, kwenye duka la silaha, akiwa na daftari. Muuzaji alikuwa kijana mwenye adabu na ulimi wa asali. Alimwonyesha darubini ya kwanza, ya euro 790, akamwambia inaona mita elfu moja na mia mbili.

"Nikamuuliza, kwa umbali huo nitaona nini? Akasema, utaona kwamba kuna kitu chenye joto. Nikamwambia, kijana, hata padre wetu ni kitu chenye joto."

Hapo ndipo, anasema, alipotambua kwamba namba iliyoandikwa kubwa kwenye boksi ndiyo isiyo na maana. Kuona kwamba kuna kitu ni jambo moja. Kumjua ni nani ni jambo jingine kabisa, na umbali wake ni mfupi mara nyingi zaidi. Muuzaji alipobanwa alikiri kwamba kwa darubini ile, kumtambua mnyama ni mita themanini, tena hewa ikiwa safi.

Zvonka anayaeleza haya kwa lugha ya nyumbani kwao. Mama yake alikuwa msukaji wa machekeche, akiyauza mlango kwa mlango mpaka Austria. Ndani ya darubini, anasema, kuna kioo kidogo kinachopokea joto kwa nukta. Ya bei rahisi ina nukta 256 kwa 192. Ya kati 384 kwa 288. Ya matajiri 640 kwa 512.

"Chekeche lenye matundu makubwa linapitisha unga na pumba pamoja. Halidanganyi, ndivyo lilivyo. Mjinga ni anayeoka mkate na pumba zile."

Alijifunza pia kwamba lenzi kubwa humsogeza mnyama karibu lakini hukunyima upana, kwa hiyo unamwona nguruwe mmoja vizuri usijue wanaomfuata. Kwamba betri ya saa sita kwenye karatasi ni ya saa tatu kwenye baridi. Na kwamba picha zote za matangazo hupigwa usiku mkavu usio na ukungu, wakati Podgrm ukungu upo kuanzia Agosti mpaka Pasaka.

"Sikutaka kuuziwa mbuzi kwenye gunia," anasema. Akamwomba muuzaji amwazime vifaa kwa siku mbili, akaacha kitambulisho chake na pete ya ndoa. Kijana alimpa darubini ya 790, ya kati ya 1,450, na kwa hiari yake akaongeza ya 2,600. Akasema, chukua tu, mama, uitamani.

"Nikamwambia, mimi ni mwanamke aliyeolewa miaka ishirini na minane. Kutamani nimeshazoea."

Akachukua pia darubini ndogo ya mkononi, isiyofungwa kwenye bunduki, ya euro 700. Hiyo hakuifikiria sana. Alitaka tu kuwachungulia wanyama wake wa majaribio wasimpotee.

Na sasa, alfajiri hii, wanyama wako tayari. Wa kwanza ni nguruwe wa kufugwa wa Angela Turk, anayefuata ndoo ya pumba bila kuuliza swali. Wa pili ni mbwa wa Rajko, jibwa jeusi la manyoya ambalo likiinama lina mabega ya dubu. Wa tatu ni Metod. Wanatolewa mmoja baada ya mwingine nyuma ya mahindi, na anayetazama hajui ni zamu ya nani.

Rajko, kama mwenyekiti, anaanza na darubini ya bei rahisi. Hachukui hata sekunde tano.

"Nguruwe jike. Kilo sitini hivi. Mnono. Huyo ningempiga."

"Una hakika?"

"Dada, nilianza kuwinda ukiwa bado unanyonya."

Zvonka anaandika, kisha anainua sauti. "Metod! Simama!"

Katika ukungu nguruwe jike wa kilo sitini anasimama kwa miguu miwili na kushika kiuno. "Kilo tisini na moja!" anajibu kwa uchungu. "Na mnono ni babu yako!"

Banda linaripuka kwa kicheko. Mzee mmoja anakohoa mpaka anapigwa mgongoni. Rajko naye anacheka, lakini kicheko chake kinakatika kabla ya vya wenzake, na anarudisha jicho kwenye darubini taratibu, kana kwamba ile picha itabadilika. Kila mmoja anajua kwamba kama ubao ule ungekuwa bunduki, Zvonka asingekuwa na mume.

Wanaendelea, mmoja mmoja, darubini kwa darubini. Kwa ile ya 790, watu wanne kati ya kumi na wawili walitaja sahihi. Ya 1,450, saba. Ya 2,600, kumi na mmoja, na aliyekosea hakuwa na miwani yake. Mbwa akiwa ameelekeza uso kwao, wengi walimwita nguruwe. Wawili walimwita nguruwe wa kweli dubu, kwa woga wa mwaka jana. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Lakini namba inayomfanya Zvonka avue miwani na kusugua macho ni nyingine. Mitazamo thelathini na sita, na katika yote hakuna mtu hata mmoja aliyesema hajui.

"Kuhusu darubini nilijifunza kiasi," anasema. "Kuhusu wanaume nilijifunza zaidi. Mpe mtu kitu cha kulengea, ataona cha kulenga. Kama ningekuwa na euro 2,600 ningefikiri nimemaliza kazi."

Wanakaribia kumaliza wakati mlango wa nyuma wa banda unapofunguliwa. Ni Ludvik. Ameleta chupa ya kahawa na dawa za Metod za shinikizo la damu, ambazo Metod alizisahau mezani. Anaviweka juu ya gogo, anawasalimu wote kwa kuinamisha kichwa tu, na anageuka kuondoka.

"Baba," anaita Zvonka. "Tazama kidogo kabla hujaenda."

"Mimi nimeshatazama vya kutosha."

"Hakuna bunduki hapa. Hata moja. Ni kutazama tu."

Ludvik anasimama kwa muda mrefu kidogo kuliko adabu inavyoruhusu. Hausogelei ubao. Ananyoosha mkono na kuchukua ile darubini ndogo iliyoko karibu na daftari, anaiweka jichoni, anaegemea nguzo.

"Ni nini, Ludvik?" anauliza Rajko baada ya dakika moja.

"Sijui."

"Sema basi, hata kwa kubahatisha."

"Kubahatisha nilibahatisha mwaka jana."

Ludvik haondoi jicho. Anabadilisha mguu, anapumua, anangoja. Zvonka anatazama saa yake: dakika mbili, tatu, nne. Kule kwenye nyasi yule mnyama anachoka kusimama, anageuka ubavu na kujikuna.

"Mbwa," anasema Ludvik. "Mkia. Ni wako, Rajko, na amenenepa."

Anarudisha darubini mahali pake, sawasawa na ilivyokuwa, na kwenda zake.

Zvonka aliandika mambo mawili kwenye ukurasa ule. La kwanza, "sijui", akaliwekea alama ya sahihi. La pili ni bei ya kile kifaa cha mkononi. Kwa kuwa hakifungwi kwenye bunduki wala hakipigwi na mshtuko wa risasi, kwa euro 700 kilikuwa na nukta zilezile za darubini ya bunduki ya 1,450. Ukikijumlisha na ile ya bei rahisi, ni euro 1,490.

Ijumaa jioni, kwenye nyumba ya wawindaji, aliwaeleza wanachama mpango wake, nao wakamsikiliza kwa nyuso za watu waliopewa supu ya jana.

"Kwa hiyo," alisema Rajko, "tunanunua darubini ileile iliyotufanya tumwite Metod nguruwe."

"Ndiyo. Lakini hiyo haitaamua kitu. Ni ya kulengea tu, na si zaidi ya hatua sitini. Anayeamua ni mwenye ya mkononi."

"Na mwenye ya mkononi ni nani?"

"Mtu mwingine. Asiye na bunduki. Macho kwa mmoja, kidole kwa mwingine. Asiposema ndiyo, hakuna risasi."

Minong'ono ilizuka. Mmoja aliuliza tangu lini mwindaji akahitaji yaya. Mwingine akasema yuko radhi kurudi kwenye tochi ya babu yake. Ndipo Rajko, ambaye hapendi kushindwa lakini uongo anauchukia zaidi, akagonga meza kwa kikombe.

"Jamani, nyamazeni. Nilisema kilo sitini, ningempiga. Mlinisikia wote." Akanywa kilichobaki kikombeni. "Nani anakubali mpango wa Zvonka?"

Kumi na watatu walinyoosha mkono, saba hawakunyoosha, na mmoja alikuwa amesinzia. Mpango ukapita. Kikabaki kitu kimoja ambacho hakuna aliyekifikiria.

"Sasa tuambie," alisema yule wa tochi. "Ni nani kati yetu atakubali kukaa kibandani kwenye baridi, usiku mzima, bila bunduki?"

Hakuna aliyejitolea. Zvonka alilifunga daftari.

"Ninaye mtu," alisema. "Ila sijamuuliza."

Alimuuliza usiku uleule, na Ludvik hakujibu. Jumamosi pia hakujibu. Jumapili, jikoni kwa akina Oražem, kifaa kipya kiko mezani ndani ya boksi lake, kati ya bakuli la ugali wa ngano nyeusi na jagi la maziwa mgando. Hakuna anayekigusa. Metod anakula huku akipapasa goti lake linalomuuma tangu siku ile. Mahindi ya Angela yameanza kutoa maziwa, na mapito mapya ya nguruwe yameonekana upande wa msituni.

Akiulizwa anatarajia nini kwa msimu huu, Zvonka hataji idadi ya nguruwe. "Natumaini tutarudi mikono mitupu mara nyingi, bila mtu kuona aibu," anasema. "Tukipunguza hasara hata kwa nusu, tutajenga vibanda. Na natumaini..." Anatazama upande wa pili wa meza, halafu anajimiminia maziwa.

Ludvik ameacha kula. Anazungusha kijiko chake polepole.

"Na nikikosea tena?" anauliza.

Ni mara ya kwanza kuliita waziwazi kosa mbele ya mwandishi wa gazeti. Metod anainua kichwa. Zvonka anaweka jagi chini.

"Ndiyo maana kidole ni changu. Ukikosea, Baba, tutakuwa tumekosea wawili."

Mzee anamtazama mkwewe, mwanamke ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kushika bunduki kwa mara ya kwanza nyuma ya nyumba hiihii. Anavuta boksi karibu, analifungua, anageuzageuza kile kifaa kwenye mikono yake mikubwa, anakifuta kioo kwa pindo la shati ingawa hakina vumbi.

"Upepo leo unatoka wapi?" anauliza.

"Juu, msituni."

Ludvik anatikisa kichwa kukubali, na kurudi kwenye chakula chake.

"Basi tupite chini, wasitunuse," anasema, "kwenye shamba la Angela."